Sinema Inayomliza Mwanamume

Mazungumzo ya kipindi, yamechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji vya mwambao wa Tanganyika. Anayewasomea wenzake asome taratibu.

[Muziki. Unashuka.]

 Hata wewe unayetusoma kwenye karatasi hii kwa sababu betri za redio zimekwisha, au kwa sababu mlima umekaa kati yako na mnara, karibu vilevile. Leo sitazungumza juu ya chandarua wala juu ya kunawa mikono. Nitazungumza juu ya wanaume wazima wanaolia wakitazama sinema. Usicheke kwanza. Mimi nilicheka, na kicheko hicho ndicho kilichonileta kwenye kipindi hiki.

Kwa asiyelijua ziwa letu, nianze na mwezi. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi huingia gizani, taa zinawashwa, samaki wanapanda kuufuata mwanga, wavu unawainua. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, na ndagala hawana sababu ya kuifuata taa ya mtu. Siku hizo chache wavuvi hubaki nchi kavu. Mchana wanashona nyavu, jioni hawana pa kwenda. Ndiyo maana ukipita Gitaza, hapa Muhuta, usiku wa mbalamwezi, utakuta chumba cha sinema kimejaa wanaume mpaka mlangoni.

Chumba chenyewe unakijua, maana kila soko la mwambao lina cha kwake. Kuta za mbao, paa la bati, mabenchi yasiyo na mgongo, televisheni moja juu ya meza, spika mbili, na mashine ya umeme inayonguruma nyuma ya ukuta. Unalipa faranga mia chache. Kukiwa na mpira wa Uingereza, mpira kwanza. Kisha filamu ya ngumi. Kisha, usiku ukishakuwa mkubwa, mwenye chumba anaweka anachotaka yeye. Nyingi ni zile za agasobanuye: filamu za kigeni ambazo mtafsiri wa Rwanda ameziwekea sauti yake juu, anaeleza, anatania, anawapa watu wa Marekani majina ya kwetu. Kinyarwanda na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo mvuvi wa Gitaza anamfuata bila kupoteza neno.

Usiku ninaousema ulikuwa mwaka mmoja hivi baada ya mafuriko makubwa ya 2024. Mwenye chumba aliweka filamu ya mwaka 2006 inayoitwa The Pursuit of Happyness. Vijana walipiga makofi walipomwona Will Smith, wakidhani bastola zitalia. Hazikulia. Ni hadithi ya baba mmoja wa San Francisco, muuzaji wa mashine za hospitali ambazo hakuna anayezitaka, mke ameondoka, kodi imemshinda, amefukuzwa alipokuwa akikaa, na mtoto wake wa kiume wa miaka mitano anamshika mkono. Mtu mwenyewe yupo kweli, anaitwa Chris Gardner, na mambo hayo yalimpata mwanzoni mwa miaka ya 1980, ingawa mtoto wake halisi alikuwa mdogo kuliko huyo wa filamu. Anayecheza mtoto ni Jaden, mwana wa kumzaa wa Will Smith. Labda ndiyo maana wanavyotazamana huwezi kusema wanaigiza.

Kuna mahali wanafika hawana pa kulala kabisa. Wako kwenye kituo cha treni, usiku. Baba anaanza mchezo. Anamwambia mtoto kwamba ile mashine waliyobeba inawarudisha nyakati za zamani, na sasa wamezungukwa na majitu ya wanyama ya kale, wakimbie watafute pango. Pango ni choo cha kituo. Anafunga mlango, anatandika karatasi sakafuni, mtoto analala mapajani mwake. Kisha mtu anagonga. Anagonga tena, kwa nguvu, anataka kufungua. Baba anauzuia mlango kwa mguu, anaziba sikio la mtoto kwa mkono asiamke, na machozi yanamtoka bila sauti.

Hapo mtafsiri, aliyekuwa akimwaga maneno kama mvua ya Aprili, alinyamaza. Chumba kizima kikanyamaza. Kwenye benchi la mbele mtu mmoja akainuka, akawapita wenzake kwa kuwakanyaga miguu, mkono usoni, akatoka. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mzee ameingiliwa na moshi!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mlango ulipofunguka mwezi ukamwangaza, nikaona ni baba yangu mdogo.

Mvuvi huyo ana miaka hamsini na kitu. Amezika wazazi, amezika mtoto mmoja, ametoka majini usiku ambao mtumbwi wa jirani haukutoka. Sikuwahi kumwona akilia. Na sasa alikuwa amelizwa na Mmarekani ndani ya choo.

Nitarudi kwake. Kwanza tuangalie hili jambo lenyewe, kwa sababu tangu usiku ule nimeuliza watu wengi, kuanzia Muhuta mpaka Rumonge mjini: ni sinema gani imewahi kukutoa machozi? Wanawake walinijibu mara moja, wakicheka. Wanaume walinijibu kwanza, "Hakuna." Kisha, tukiwa tumekaa kidogo, wakaanza kutaja.

Wa makamo wengi walimtaja Kanumba. Vijana wa leo huenda hawajui jina hilo lilivyokuwa. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, alikuwa nyota mkubwa wa filamu za Tanzania, na kanda zake zilisambaa huku kwetu. Alifariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Umati uliojaa kwenye mazishi yake ulionekana kwenye televisheni, wanaume kwa wanawake wakilia na wengine kuzimia. Fundi baiskeli mmoja aliniambia kwamba wiki ile alirudia kutazama kanda za Kanumba akashindwa kuzimaliza, na mpaka leo haelewi kwa nini alimlilia mtu ambaye hakuwahi kumpa hata mkono.

Wazee walitaja za Kihindi, zile za kina mama wanaopotezana na watoto wao na ndugu wanaotambuana dakika ya mwisho. Wengi wa wazee hao walikulia ukimbizini Tanzania, baada ya watu kuvuka mwaka 1972, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na Kiswahili chao kizuri wamekitoa huko. Mmoja alinitajia Sholay, ya mwaka 1975, pale Amitabh Bachchan anapokufa mikononi mwa rafiki yake, na rafiki anagundua kwamba ile sarafu waliyokuwa wakirusha kila wakati wa kuamua nani aende na nani abaki ilikuwa na sura moja pande zote mbili. Maana yake marehemu alikuwa amejichagulia kubaki. Mzee alinieleza hilo kwa mikono miwili, akirusha sarafu isiyokuwepo, kisha akaniomba radhi akaenda kuangalia mbuzi wake. Mbuzi walikuwa wamefungwa, hawana tatizo lolote.

Nilishangazwa na kitu kimoja. Hakuna hata mmoja aliyenitajia filamu ya vita vyetu wenyewe. Na zipo. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, ilikuwa ya kuchekesha, kijana anarudi kutoka Ufaransa na diploma akidhani nchi imemwekea kiti cha waziri. Mwaka uliofuata hakuna aliyekuwa na hamu ya kucheka. Lakini mwaka 2010 ilitoka filamu fupi inayoitwa Na Wewe, ya Mbelgiji Ivan Goldschmidt, inayohusu Burundi ya 1994: basi dogo limesimamishwa njiani na watu wenye silaha, abiria wanaamriwa wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule, na kila anayeulizwa jibu lake linavuruga hesabu. Ilifika mpaka kwenye kugombea Oscar mwaka 2011. Nilimwuliza dereva mmoja wa barabara hii ya kando ya ziwa kama ameiona. Akasema ameiona. Ulilia? "Hapana. Nilikuwa nahesabu abiria."

Nadhani nimemwelewa. Jambo likikaa karibu mno na ngozi yako, macho hukauka. Mwili unakaa kama wakati ule, unatafuta mlango uko wapi. Machozi yanakuja kwa njia ya pembeni, kupitia kwa mtu wa mbali, Mhindi, Mmarekani, Mwitaliano, mtu asiyejua kwamba wewe upo. Unamlilia yeye, hakuna anayekuuliza maswali, na njiani humo humo yako nayo yanapita.

[Muziki mfupi.]

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuchunguza kilio. Msishangae, kila kitu kina mtaalamu wake. Kwa muda mrefu, wakitaka kumhuzunisha mtu ili wapime mwili wake, walitumia filamu moja ya 1979, The Champ. Mpiganaji ngumi anashinda pambano, anarudi chumbani anakufa, na mwanawe mdogo anamtikisa akimwambia aamke. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Marekani, Gross na Levenson, walichapisha orodha ya vipande vya filamu vinavyoamsha hisia, na kipande hicho kilikuwa chao cha huzuni. Dakika chache tu, mtoto na baba yake.

Kisha yupo Ad Vingerhoets wa Uholanzi, ambaye ametumia miaka mingi ya kazi yake kwa machozi ya binadamu. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchunguzi unaotuhusu moja kwa moja. Waliwakusanya watu 60, wakatumia filamu mbili za kuhuzunisha. Ya kwanza ni Hachi, ya mbwa anayemngoja bwana wake kwenye kituo cha treni miaka baada ya bwana kufa. Mbwa wa kweli aliishi Japani, akafa 1935 akiwa bado anangoja. Huku kwetu sijui kama mwanamume angekubali kwamba amemlilia mbwa, lakini tuendelee. Ya pili ni ya Mwitaliano Roberto Benigni, nitaieleza baadaye kidogo.

Watu 28 walilia, 32 hawakulia. Wasiolia hawakubadilika kitu. Waliolia, mara baada ya filamu, walijisikia vibaya kuliko walivyoingia. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi walipokuwa. Na baada ya dakika 90 walijisikia vizuri kuliko hata kabla ya filamu kuanza.

Watu 60 si wengi, na Uholanzi si Gitaza. Lakini angalia hizo saa. Dakika 90 ni mechi ya mpira bila mapumziko. Sasa mwanamume wetu akitoka kwenye chumba cha sinema macho mekundu, anakwenda wapi? Anakwenda kwenye urwarwa, na zile dakika 20 mbaya kabisa anazimaliza na chupa, na kama wenzake wamemcheka anazimaliza kwa hasira, na hasira hiyo ina mlango wa nyumba inaoujua. Ile saa na nusu ambayo ingemtuliza hajawahi kuifikia hata mara moja. Anabaki akijua tu kwamba kulia ni kubaya, kwa sababu kila mara aliishia pale kwenye ubaya.

Najua utaniambia nini. Utaniambia amosozi y'umugabo atemba aja mu nda, machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Methali hii tumeinywa pamoja na maziwa ya mama. Mvulana wa miaka sita akianguka kwenye mawe anaambiwa hivyo, na akishafika ishirini hahitaji tena kuambiwa. Lakini mshingantahe mmoja mzee wa vilima vya juu ya Gitaza, mtu ambaye amesuluhisha magomvi ya mashamba kuliko ninavyoweza kuhesabu, alinifanya niisikie upya. Alisema, "Nyinyi vijana mnaisikia kama amri. Mimi naisikia kama habari. Haisemi mwanamume hana machozi. Inasema anayo, na inakuonyesha yamekwenda wapi. Basi nenda kaangalie hilo tumbo lina nini ndani."

Na dini zetu, kama mtu anataka kuzileta hapa, hazimsaidii anayekataza. Wakristo wanajua Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro. Waislamu wa Rumonge wanajua Mtume Muhammad alitokwa na machozi mwanawe mchanga Ibrahim alipokuwa akikata roho, na alipoulizwa hakuyaficha.

[Muziki mfupi.]

Nimesema nitaieleza ile filamu ya Benigni. Inaitwa La vita è bella, ni ya mwaka 1997, na mwaka 1999 ilimpa Benigni Oscar ya mwigizaji bora. Baba Myahudi wa Italia anakamatwa na Wanazi pamoja na mwanawe mdogo, wanapelekwa kambini. Mtoto anauliza, hapa ni wapi? Baba anamwambia: ni mashindano. Atakayepata pointi 1,000 atashinda kifaru, kifaru cha kweli. Ukilia unapoteza pointi. Ukimtaka mama unapoteza pointi. Ukisema una njaa unapoteza pointi. Mtoto anacheza mchezo huo mpaka mwisho, amejificha kwenye sanduku la chuma, na jambo la mwisho analoliona kwa baba yake, anayepitishwa na askari kwenda kuuawa, ni jicho analomkonyeza na mwendo wa kuchekesha. Asubuhi kifaru cha Wamarekani kinaingia. Baba yake Benigni mwenyewe aliwahi kufungwa katika kambi ya Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, na watoto wake aliwasimulia mambo yale kwa namna ya kuwachekesha.

Sasa weka hadithi hizi mbili kando kwa kando. Choo cha San Francisco na sanduku la kambini. Katika majibu yote niliyopewa, pamoja na ya wale walioanza kwa kusema "hakuna", kitu kilichowavunja wanaume mara nyingi hakikuwa kifo. Vifo wameviona. Kilichowavunja ni baba anayemdanganya mtoto kwamba kila kitu kiko sawa.

Na ni nani katika mwambao huu hajawahi kuusema uongo huo? Mei 2015, watu wa nchi hii walipokuwa wamerundikana Kagunga, upande wa Tanzania, kijiji kisicho na barabara, wakingoja meli ya Liemba iwachukue kwenda Kigoma, na kipindupindu kikiwa kimeshaingia, kulikuwa na baba pale anayemwambia mtoto kwamba wanakwenda kutembea kwa meli kubwa. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Machi, mlima ulipoporomoka hapa Gitaza na kuziba barabara, kulikuwa na aliyemwambia mwanawe kwamba ni radi tu, lala. Na 2024, ziwa lilipopanda na mito ikafurika mpaka serikali na Umoja wa Mataifa wakaomba msaada mwezi Aprili kwa ajili ya watu zaidi ya 200,000 walioathirika nchini, fikiria ni baba wangapi walisema, "Maji yatashuka kesho." Anausema uongo huo kwa sauti ya kawaida. Kisha anakaa nao. Hana wa kumwambia kwamba aliogopa, kwa sababu kazi yake siku ile ilikuwa kutoogopa.

Nilimkuta baba mdogo kwenye mitumbwi usiku ule. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mmoja, uso kuelekea ziwani. Nilikuwa nimekuja kumtania, nikaona haifai. Nikakaa. Sikusema kitu, si kwa busara, ni kwa aibu ya kicheko changu. Hatimaye akasema mwenyewe, "Hata mimi nilimfanyia hivyo yule mtoto."

Ameniruhusu niieleze. Aprili ile ya 2024 maji yaliingia nyumbani kwake. Mke alimchukua mtoto mchanga akapanda kwao mlimani, ambako tayari familia tatu zilikuwa zimejazana katika nyumba moja. Yeye akabaki na mwanawe wa miaka saba, asiache shule. Hawakuwa na pa kulala. Usiku walilala chini ya mtumbwi uliogeuzwa, wamejifunika turubai, usiku kumi na moja. Mtoto alipouliza kwa nini, akamwambia: "Tunalinda nyavu. Kuna wezi. Nimekuchagua wewe uwe mlinzi msaidizi, lakini mlinzi hasemi. Hata shuleni usimwambie mtu." Akampa tochi. Kila usiku walikuwa wakipeana zamu, mtoto akianza, baba akimwachia mpaka usingizi umchukue tochi ikiwa mkononi, kisha anaizima ili betri isiishe. Anasema usiku wa tatu maji yalisikika karibu sana, akamziba mtoto masikio kwa viganja viwili mpaka alfajiri, mikono ikafa ganzi.

Hakumwambia mke wake. Hakumwambia mkuu wa kilima, ambaye alikuwa akiandika majina ya waliopoteza nyumba, kwa hiyo kwenye mgawo wa kwanza wa msaada jina lake halikuwemo. Msikilizaji, hapo pamenichoma kuliko machozi yenyewe. Alinyamaza mpaka akakosa mablanketi.

Tulikaa pale muda mrefu, sikuwa na saa. Baadaye akasema anasikia njaa, tukaenda kutafuta mihogo ya kuchoma.

Kwa hiyo ninakuomba mambo machache, wewe unayenisikia au unayenisoma. Mwanaume akitoka kwenye chumba cha sinema namna ile, usipige kelele ya moshi. Mfuate kwa mbali kidogo, kaa karibu. Usimwulize una nini. Swali hilo litamfunga. Usimpe pombe ile saa ya kwanza. Kama hakusema chochote, si kitu, umemvusha zile dakika mbaya. Na usimlazimishe anayekaa na macho makavu, maana wale 32 wasiolia nao ni watu, hawana kasoro. Ila kuna kilio ambacho sinema si dawa yake. Mtu ambaye wiki zinapita halali, hali, havui, anatupa maneno ya kwamba angekuwa amezama ingekuwa nafuu, huyo usimwachie mwezi umtulize. Mwambie mhudumu wa afya wa kilima chenu, au msindikize mwenyewe mpaka kituo cha afya, ukae naye kwenye benchi. Peke yake hatakwenda.

Na wenye vyumba vya sinema: baada ya filamu ya namna hiyo, msiwashe muziki wa kucheza papo hapo. Acheni taa ikae imezimwa dakika mbili. Hamtapoteza mteja.

Nimalizie ya baba mdogo. Mtoto sasa ana miaka tisa. Baada ya usiku wa filamu, baba alimwita, akaamua kumwambia ukweli: kwamba hawakuwa walinzi, nyumba ilikuwa imezama na yeye hakujua la kufanya. Mtoto akasikiliza, kisha akasema, "Nilijua, baba. Nyavu ulikuwa umeshaziuza. Hakukuwa na kitu cha kulinda."

Baba akamwuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Si uliniambia mlinzi hasemi."

[Muziki unapanda, unashuka.]

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya kunywa kwa wanaoishi ufukweni, na kipindupindu. Vikundi vyenye maswali vimpe kiongozi wao ayaandike. Kwa wavuvi wa Muhuta, Magara na Rumonge: mwezi umeanza kupungua, taa zitarudi majini. Usiku mwema.